Jirani wa Magharibi

Kazi yangu ni kuandika muhtasari wa vikao. Watu wakisikia niko idara ya mipango miji hudhani ninachora barabara. Sijawahi kuchora hata kona. Ninakaa pembeni ya meza, naandika nani kasema nini, nani katoa hoja na nani kaunga mkono, kisha nampelekea bosi arekebishe herufi kubwa na ndogo. Nimefanya hivyo miaka kumi na sita. Vidole vyangu huandika "Kikao kiliazimia" kabla kichwa hakijajua kimeazimia nini.

Faili la ghorofa lilipoingia ofisini lilibebwa na watu watatu, maana michoro peke yake ilijaza sanduku. Mtu wa nne alibeba mfano wa jengo ndani ya kioo. Ghorofa kumi na nane, katikati ya mji, nyuma kidogo ya soko. Morogoro hii hii ambayo jengo la ghorofa tano tunalitumia kuelekezana njia. Mfano ule uliwekwa ukumbini, na kila aliyepita aliinama kuutazama. Kulikuwa na miti ya plastiki, vigari, na vijitu vyeupe visivyo na sura vikitembea mbele ya mlango. Mama anayetuletea chai aliuliza kama vile vijitu ni wapangaji. Na mimi niliinama. Nilitafuta upande wa magharibi, pale ilipo nyumba ya mama mkubwa, nikakuta bustani. Majani ya kijani yaliyobandikwa kwa gundi, na benchi moja.

Nilirudi mezani nikaendelea kugonga mihuri.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na kwetu Waluguru jambo hilo halikuhitaji kikao: mtoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo dada wa mama ni mama. Nilihamisha madaftari yangu kutoka chumba kimoja kwenda kingine nikawa wa kwake. Nyumba ilikuwa ya bibi, aliyeshuka kutoka Matombo, huko milimani, na kupata kiwanja hicho wakati mji ulikuwa bado haujafika pale. Hati ina jina la bibi mpaka leo, ingawa bibi yuko kaburini miaka mingi. Hakuna aliyekwenda kubadilisha jina, kwa sababu kubadilisha ni mtu mmoja kusema nyumba ni yake, na kwetu hakuna anayeweza kusema hivyo halafu akala sahani moja na wenzake. Nyumba ni ya ukoo. Mama mkubwa anaishi ndani yake. Mwenye kuisemea ni mjomba, kaka yake, aliyebaki Matombo na migomba yake na midalasini.

Huo mdalasini ndio ulionisomesha. Mjomba alikuwa akishusha magome mabichi kwenye magunia, mama mkubwa anayatandaza uani juu ya majamvi. Kazi ilianza jua likichomoza na kuisha kabla ya saa sita. Alikuwa na imani yake kwamba jua la asubuhi linakausha na jua la mchana linaiba harufu, na mtu asiyelijua hilo akauze mkaa. Kwa hiyo mimi nilikua nikiruka majamvi kwenda shule, na sketi yangu ilinukia chai ya sikukuu mwaka mzima. Wenzangu walinitania. Nilikuwa nakasirika wakati ule, nilikuwa na hasira za haraka sana. Sijui zilikwenda wapi.

Katika faili la ghorofa kulikuwa na mchoro wa kivuli. Mtaalamu alikuwa amechora jengo likiwa upande wa mashariki, na kivuli chake kikilala juu ya viwanja jirani saa baada ya saa. Nyumba yetu ilikuwa mstatili wa kijivu wenye namba tatu. Kivuli kilikuwa juu yake tangu jua linapochomoza mpaka saa tano na nusu. Niliupiga mchoro ule nakala kwa ajili ya wajumbe wote wa kamati, nikazipanga, nikazibana.

Bosi alinieleza kilichokuwa na shida kwenye faili. Jengo lilisogea mno mpakani, upande wa magharibi hasa. Sheria ilitaka liache nafasi. Mwenye mradi aliomba apunguziwe nafasi hiyo, na ili apunguziwe ilibidi majirani waridhie. Jirani akipinga, jengo lazima lirudi nyuma, na likirudi nyuma michoro yote inaanza upya na ghorofa kadhaa zinakwenda na maji. "Kwa hiyo majirani ndio kila kitu," bosi alisema, na akaniomba niandae barua za kuwaalika kwenye mkutano.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba jirani wa magharibi ndiye aliyenilea. Niliandika barua yake kama nyingine, nikamwita "Ndugu Mkazi", nikaiweka kwenye bahasha.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwake kumweleza kwa mdomo. Alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Nikamwambia kuna ghorofa linakuja, refu, na wataomba majirani wakubali. Akauliza upande gani. Nikasema pale kwenye karakana ya zamani, mashariki. Mikono yake ilisimama, akaangalia uani, yalipokuwa yamekunjwa majamvi.

"Mwambie bosi wako wasubiri," alisema. "Mjomba wenu hajashuka."

Ilikuwa masika na barabara ya Matombo ilikuwa imekatika. Magari yalikuwa yanaishia njiani, na simu ya mjomba ilipatikana tu akipanda kilimani mpaka kwenye mgomba fulani anaoujua yeye. Nikamwambia, "Nitamwambia bosi, mama." Akarudi kwenye mchele wake, hakuwa na wasiwasi tena. Nilikuwa nimesema nitamwambia.

Jumatatu nilifika mpaka mlango wa bosi. Barua zilikuwa zimeshagongwa muhuri. Kama ningesema tusubiri mjomba wa nyumba ya magharibi, angeniuliza nimemjuaje huyo mjomba. Ningelazimika kusema ni kwetu, nitolewe kwenye faili, na korido nzima iseme nazuia maendeleo kwa ajili ya magome ya mdalasini. Hayo ndiyo niliyojieleza baadaye, na yana mantiki. Ukweli ni kwamba pale mlangoni sikuwa nawaza chochote. Nilikuwa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Bosi aliinua macho akaniuliza nataka nini. Nikamuuliza kama maji ya wageni yawe ya chupa kubwa au ndogo.

Ndogo, alisema.

Mkutano ulifanyika palepale kwenye kiwanja, chini ya turubai. Mwenyekiti wa mtaa alifungua, mtaalamu akaonyesha picha, watu wakauliza. Mmoja alitaka kujua vumbi litakuwa la muda gani. Mwingine aliuliza kama vijana wa mtaa watapata vibarua. Mzee wa duka la vipuri alisema yeye anaunga mkono kwa sababu hajawahi kupanda lifti na angependa aipande kabla hajafa, watu wakacheka sana. Mama mkubwa alikaa mstari wa mbele, amevaa kitenge cha kwendea kanisani na viatu vya kufunika. Hakunitazama kwa namna ya kuonyesha ananijua. Alikuwa ananiheshimu mbele ya watu wa kazi.

Mwenyekiti akasema sasa tumsikie jirani wa magharibi. Alisimama, akasalimia, akasema amekuja kusikiliza. Akakaa.

Mluguru yeyote aliyekuwa chini ya turubai lile angejua alichofanya. Mambo ya ardhi ya ukoo hayajibiwi papo hapo na anayekaa kwenye nyumba. Anakuja, anasikiliza neno kwa neno, anayabeba maneno kwa mjomba, na mjomba ndiye anayerudi na jibu, hata kama ni baada ya mwezi. Kusema ndiyo au hapana kabla kaka yake hajasikia kungekuwa ni kumvua nguo. Kukaa kwake kimya kulimaanisha kwamba jibu liko njiani. Lakini mwenyekiti wa mtaa alikuja Morogoro kwa kazi, mtaalamu ni wa Dar, na bosi wangu ni mtu wa kusini. Mwenyekiti alimshukuru kwa ushirikiano, akaita jirani wa kaskazini.

Mluguru alikuwepo, ameshika kalamu. Niliandika: "Jirani wa magharibi alihudhuria na hakuwa na pingamizi." Nilipata nafasi ya kutosha kuandika kingine. Nakumbuka hata nilivyoruka mstari mmoja ili sentensi ikae vizuri.

Soda zilipoanza kugawiwa, nilipitisha karatasi ya mahudhurio. Kwetu hakuna mkutano bila karatasi hiyo. Mtu anaweza asisikie lolote lililosemwa lakini atasaini. Ilipomfikia mama mkubwa aliishika kwa mikono miwili.

"Hii ni ya nini?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Ni ya kuonyesha umefika, mama."

Na ndivyo ilivyokuwa, kwa saa ile. Alisaini. Saini yake ni jina lake zima, alilojifunza kuandika misheni kwenye darasa la watu wazima, na mwishoni anaweka mkia mrefu unaorudi chini ya jina na kulibeba lote. Anaupenda ule mkia. Watu nyuma yake walisubiri mpaka amalize.

Kesho yake bosi aliniambia niiweke karatasi ya mahudhurio kwenye kiambatisho cha nne. Kiambatisho cha nne ni ridhaa ya majirani. Nilimuuliza kama inafaa. Alisema wote walialikwa, wote walifika, hakuna aliyepinga, na wote wamesaini, sasa nataka ridhaa ya namna gani. Hakuwa anadanganya. Ndivyo faili zote zilivyokwenda, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nazipanga. Nilichapa kichwa cha habari, "Ridhaa ya Majirani", nikaibana karatasi nyuma yake.

Kamati ilikaa wiki mbili baadaye. Ajenda ya kwanza ya kikao chochote ni kufungua, ya pili ni kutamka maslahi. Mwenyekiti huuliza kama kuna mtu ndani ya chumba mwenye undugu au faida na jambo linalojadiliwa. Huuliza huku akifunua kurasa, na swali linawahusu hata sisi watumishi wa pembeni. Mtu mmoja akakohoa. Nikaandika, "Hakuna."

Mjadala ulikuwa mrefu. Diwani mmoja aliuliza ngazi ya gari la zimamoto inafika ghorofa ya ngapi, akaambiwa jengo litakuwa na mitambo yake yenyewe. Mwingine alisema ghorofa litaziba milima ya Uluguru kwa watu wa soko, mwenzake akamjibu kwamba milima haiendi kokote. Niliyaandika yote. Ombi likapita, tangazo likabandikwa ubaoni, na siku thelathini za mwenye pingamizi zikaanza kuhesabiwa.

Zilikuwa zimebaki tisa mjomba aliposhuka. Mvua ilikuwa imekata. Alikuja ofisini moja kwa moja kutoka kwenye gari, na mabuti yake ya mpira, na mkungu wa ndizi aliouacha kwa mlinzi getini. Nilisimama, nikamwambia shikamoo mjomba. Akaitikia marahaba, akaketi kwenye kiti cha wageni, akaangalia meza yangu kwa kuridhika, kwa sababu mtoto wa ukoo ana meza mbele ya mlango ambao barua zinaingilia. Alitoa barua. Alikuwa ameandikiwa na katekista, kwa mwandiko wa kuvutia, kurasa mbili. Ilisema ardhi ile ni ya lukolo, yaani ya ukoo wa mama, kwamba dada yake alikuja kusikiliza kama ilivyo desturi, na kwamba jibu la ukoo, baada ya kukaa, ni hapana.

"Inatosha?" aliuliza.

Niligonga muhuri wa "Imepokelewa" juu kulia, nikaandika tarehe, nikaweka saini yangu ndogo. Aliutazama wino ukikauka.

"Basi imeingia," alisema.

"Imeingia, mjomba."

Nilimsindikiza mpaka getini. Nilijua sheria kuliko yeye na nilijua barua ile itafika wapi, lakini nilitembea naye taratibu tukizungumza habari za barabara.

Mwanasheria wa ofisi aliisoma kwa dakika chache. Mpingaji si mmiliki. Mmiliki ni marehemu, na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa. Mkazi aliyepo alishirikishwa, alihudhuria, hakupinga, na saini yake ipo. Pingamizi halina msingi. Alinipa karatasi niichape kuwa barua, na mimi niliichapa, nikasoma mara mbili kuangalia makosa. Hayakuwepo.

Barua ilifika nyumbani kwa mama mkubwa, na yeye akaihifadhi mpaka nilipokwenda Jumapili, kwa sababu barua za ofisi tangu zamani huwa namsomea mimi. Mjomba alikuwa amesharudi Matombo. Mama mkubwa aliniletea miwani yangu kutoka kwenye pochi, akakaa. Nikamsomea. Nilisoma kwa sauti yangu maneno niliyoyachapa kwa mikono yangu, na yale yaliyotoka kwenye muhtasari wangu: jirani wa magharibi alihudhuria na hakuwa na pingamizi. Sikuruka hata neno. Nilifikiri nikifika hapo sauti itanikwama. Haikukwama. Nilisoma mpaka "Nakala kwa" ya chini kabisa.

Aliichukua barua akaikunja.

"Nani aliandika kwamba sikuwa na pingamizi?" aliuliza.

"Ofisi," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaniuliza kama nitakula. Nikala, wali na mchicha, na alinikatia parachichi bila kuniuliza, kwa kuwa anajua napenda. Nilimaliza sahani. Nilijua kwamba hapo ndipo mtu mwingine angeweka kijiko chini na kusema. Nilisubiri nimsikie huyo mtu ndani yangu, na hakuwepo.

Ghorofa lilianza kwa shimo. Walichimba mpaka karibu na ukuta wetu wa uani, na mitambo ilipopiga, vikombe vilitembea kabatini. Ufa wa kwanza ulitokea chumba kilichokuwa changu, ukashuka kutoka kwenye dari mpaka dirishani. Halafu nguzo zikapanda, ghorofa ya tatu, ya sita, na uani pakaanza kubadilika kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia ndani ya nyumba. Walipofika ya kumi na moja, jua lilikuwa linafika kwenye jamvi la kwanza saa tano, na majamvi mengine baadaye bado. Mama mkubwa alijaribu kukausha kwa jua la mchana. Mnunuzi wake wa sokoni alinusa, akanusa tena, akamwambia huu si ule wako. Gunia lililofuata liliota ukungu. Mjomba aliacha kushusha magome. Sasa anamuuzia mtu anayepita hukohuko juu na gari, anayachukua mabichi.

Bado kila asubuhi mama mkubwa anatandika majamvi. Nilimkuta hivyo siku moja nikipita kwenda kazini. Majamvi manne matupu kwenye kivuli, na yeye kwenye kigoda akiyatazama. Nilimsalimia nikaenda kazini, tulikuwa na kikao saa tatu.

Juzijuzi kulikuwa na mkutano mwingine wa majirani, kuhusu nyufa. Safari hii haukuwa chini ya turubai. Tulikaa ghorofa ya chini ya jengo lenyewe, kwenye viti vya plastiki, saruji bado inanuka. Mhandisi alisema nyufa zitakaguliwa, na wenye nyumba watapewa taarifa. Mzee wa vipuri aliuliza lifti itawashwa lini. Mama mkubwa alikuwa mstari wa mbele kama zamani, na kitenge kilekile. Alipoombwa aseme alisimama, akasalimia, na kusema amekuja kusikiliza. Kalamu yangu ilisimama kidogo, kisha nikaandika kwamba alikuja kusikiliza. Safari hii niliandika hivyohivyo. Haikuwa na maana tena.

Nikapitisha karatasi ya mahudhurio. Ilizunguka ikamfikia. Aliitazama, akaikunja kidogo ukingoni kama anayepima unene wake, kisha akaniita kwa kidole. Nilikwenda nikainama.

"Nisainie wewe, mwanangu," alisema, na akanirudishia karatasi na kalamu. Alisema kwa upole, kama anayeniomba nimshikie kikapu. "Ofisi si ni wewe."

Watu wa nyuma walikuwa wanasubiri karatasi. Nikaiweka juu ya goti na kuandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, halafu nikauvuta ule mkia kwenda chini ya jina mpaka mwanzo. Ulitoka sawasawa na wake. Nikampitishia aliyekaa pembeni yake.